Mlishaji wa Mamba Anaomba Ubatizo

Arsinoe, tarehe 14 mwezi wa Thothi

Kwa mjomba Eudemoni, mwalimu wa watoto, Aleksandria.

Shikamoo mjomba. Huku sote tu wazima, ukiondoa kikohozi cha Mama, ambacho anakipenda na hataki kitibiwe kwa sababu kinamsaidia kukatiza maneno ya watu. Mto umejaa vizuri mwaka huu. Mbuzi wa jirani kazaa mapacha, na jirani anajisifu kana kwamba kazaa yeye. Mama amesimama nyuma yangu, anasema niandike kwamba viatu ulivyomtumia vinambana, na kwamba hasemi hivyo kwa kulalamika.

Sasa jambo lenyewe. Huu ni mwaka wa tatu nasikiliza mafundisho kwa Mzee Kopri, yule dobi anayeongoza kanisa letu dogo. Juzi aliniita nyuma ya karo lake la kufulia akaniambia, "Misthe, Pasaka hii nakubatiza." Niliruka kwa furaha nikapindua ndoo. Alipomaliza kunigombeza kwa ajili ya ndoo, akaongeza, "Ila kwanza uache kazi."

Kazi yangu unaijua. Baba aliifanya, na baba yake. Kila asubuhi nashuka kwenye bwawa la hekalu, makuhani wawili wanamfungua taya Bwana Suko, mamba wa hekalu, mimi namtilia mikate ya asali niliyoioka mwenyewe, kisha nyama, kisha divai, na wageni wanapiga makofi. Hilo ndilo jina lake la mbele za watu. Tukiwa wawili tu, mimi namwita Babu, kwa sababu ni mzee na anakoroma.

"Ile si kazi," Mzee Kopri akasema, "ile ni ibada. Unalisha sanamu."

"Sanamu haili, Mzee."

"Basi unalisha sanamu inayokula. Ni mbaya zaidi."

Wewe ndiye uliyetutangulia katika njia hii, na ndiye msomi wa ukoo. Je, ni lazima? Nisipoacha, sibatizwi. Nikiacha, nyumba tunayolala ni ya hekalu na ngano tunayosaga ni ya hekalu. Tena Babu hali kutoka mkono wa mtu mwingine. Nijibu mapema.

Mpwa wako, Misthe


Aleksandria, tarehe 9 mwezi wa Faofi

Mpwa wangu mpendwa, salamu zikufikie wewe na dada yangu Tapsoi, ambaye viatu vile alivichagua mwenyewe kwa kunipa kipimo cha uzi, na uzi ninao hadi leo. Mimi mzima, isipokuwa jino moja la nyuma ambalo limeamua kunifundisha uvumilivu. Wanafunzi wangu wapya ni wabaya kuliko wa mwaka jana. Wa mwaka jana nao niliwaandikia hivyohivyo, kwa hiyo labda tatizo ni kumbukumbu yangu.

Umeniuliza swali zuri, na swali zuri halijibiwi kwa haraka. Kwanza tujiulize mwanafunzi ni nani. Watu wengi hudhani ni mtu anayejua maneno ya mwalimu wake. Sivyo. Mimi ninao watoto wanaojua maneno yangu yote, hata kukohoa kwangu wanakuiga, lakini nikiwaruhusu tu watoke, nikienda kulia wao wanakimbilia kushoto. Mwanafunzi wa Bwana ni yule anayemfuata mwalimu wake barabarani, hata mwalimu akigeukia kwenye matope. Wale wavuvi wa ziwani hawakuulizwa wanajua nini. Waliambiwa waje, wakaacha nyavu, wakaja. Hiyo ndiyo maana yake, na hiyo ndiyo gharama yake.

Pili, tuitazame kazi yako. Wazee wa kanisa wanazo kazi wanazozikataa kwa mtu anayeomba ubatizo: mcheza maigizo, mpiganaji wa uwanjani, mwendesha magari ya mashindano, mchonga sanamu, mtazama nyota, mtengeneza hirizi. Nimewauliza wazee wawili hapa mjini. Mlishaji wa mamba hayumo. Sasa, mtu anayelisha mnyama anaitwaje? Anaitwa mfugaji. Jirani yangu ana bata, anawalisha asubuhi na jioni, tena kwa mapenzi makubwa, na hakuna aliyewahi kusema anawaabudu. Utasema bata hawavai hereni za dhahabu kama huyo mamba wenu. Kweli, lakini hereni hukumvisha wewe.

Ushauri wangu, basi, ni huu: usiache haraka. Mweleze Mzee Kopri hoja hizi polepole, kwa kuwa ni dobi. Wakati huo zidisha bidii katika mambo yasiyo na utata, hasa kufunga Jumatano na Ijumaa. Kumbuka habari za ule mji wa kale ambao mfalme wake alitubu, akaamuru hata ng'ombe wasile kitu. Hapo tunajifunza kwamba kufunga kwa kweli hakumwachi mtu wa nyumbani nje.

Kuhusu kazi yangu mwenyewe ya kufundisha, ambayo huenda ungependa kuniuliza, hiyo ni habari ndefu na karatasi imekwisha.

Mjomba wako, Eudemoni


Arsinoe, tarehe 20 mwezi wa Hathyri

Shikamoo mjomba. Barua yako imefika ikinuka samaki, na mwenye ngamia anaapa si yeye. Upande wa pili wa karatasi ulikuwa mweupe wote, Mama kaukata anafungia jira. Kuhusu uzi, anasema uzi hunyauka.

Nakushukuru kwa ushauri. Nimeufuata wote. Babu sasa anafunga Jumatano na Ijumaa.

Mwanzoni hakuelewa. Jumatano ya kwanza alifungua kinywa akakaa hivyo, wazi, mpaka ndege akatua juu ya ulimi, akatazama huku na huku, akaruka zake. Nikamwambia, "Babu, leo hakuna." Akanitazama kama Mama anavyovitazama vile viatu. Nikamweleza habari za wale ng'ombe, kama ulivyonieleza, lakini kwa kifupi. Ijumaa alikuwa ameelewa kidogo zaidi, maana aliuma ngazi. Sasa ikifika siku hiyo anageuka tu anatazama ukuta.

Makuhani wale wawili hawajauliza kitu. Siku hizo wanapumzisha mikono. Mikate ambayo Babu hakula nawapelekea maskini wa kanisa, na Mzee Kopri amekula miwili mwenyewe akasema hajawahi kula mkate mtamu hivyo. Hakuuliza umetoka wapi, na mimi nilikuwa nimejaza mdomo.

Nilimweleza hoja yako ya bata, polepole kama ulivyosema. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mjomba wako anajua kusoma sana," akarudi kukanyaga nguo.

Misthe


Aleksandria, tarehe 3 mwezi wa Choiaki

Mpwa wangu, salamu kwako, kwa mama yako, kwa jirani na kwa mapacha wa mbuzi. Jino limetoka.

Sikukuambia umfungishe mamba!

Mfano ni mfano, Misthe. Habari ya wale ng'ombe inaweza kueleweka kwa njia tatu. Kwanza, kama tukio, kwamba ng'ombe kweli hawakula. Pili, kama fundisho, kwamba ng'ombe ni tamaa zetu za mwili. Tatu, kama picha ya mambo ya mbinguni, na hapa wasomi tunatofautiana kuhusu pembe. Katika njia zote tatu hakuna mamba. Toba ni ya mwenye kosa, na huyo mnyama kosa lake ni lipi? Hajaomba kuitwa mungu. Tena ng'ombe mwenye njaa hulia tu. Mnyama wako mwenye njaa hufanya nini?

Mlishe. Mlishe leo. Mlishe kabla hujamaliza kusoma sentensi hii, ambayo nairefusha kwa makusudi ili upate muda wa kufika bwawani.

Eudemoni


Arsinoe, tarehe 11 mwezi wa Tybi

Shikamoo mjomba. Pole kwa jino. Barua yako ilikwama njiani, ngamia aligoma, na ilinifikia siku moja baada ya mambo yafuatayo.

Alikuja mgeni tajiri wa Kirumi anayezunguka kutazama maajabu, pamoja na mkewe. Mama huyo alikuwa amevaa nywele za bandia zilizosukwa kwenda juu kama mnara wa taa wa hapo kwenu. Ilikuwa Ijumaa. Nilikuwa nimemwambia kuhani mkuu, Marsisuko, awaombe waje Jumamosi, akanijibu, "Mrumi hapangiwi siku." Wakashuka ngazi. Yule mama akainama amwone mungu vizuri.

Sijawahi kumwona Babu akiruka, mjomba. Baba yangu hakuwahi, na babu yangu hakuwahi. Nilidhani miguu ile ni ya pambo tu. Alitoka majini mzima mzima, hereni zikilia, akarudi na mnara wote kinywani. Mama wa watu akabaki na kichwa chake cha kawaida, kizima, hakuna hata mkwaruzo. Babu akatafuna, akatafuna, akacheua pini moja.

Nikajisemea, leo nimekufa. Lakini Marsisuko akainua mikono akapaza sauti, "Mungu amerudi ujana!" Watu wakalipuka kwa vigelegele. Yule mama alipoelezwa kwamba mungu amechagua nywele zake kati ya nywele zote za dunia, akalia kwa furaha na kuahidi bwawa litatiwa marumaru. Tangu siku ile watu wanakuja hadi kutoka Memfi, na wanawake wanamtupia mikia ya nywele zao.

Marsisuko anasema sifa zote ni zangu, kwa kuwa mimi ndiye ninayemlea. Anataka kuninyoa kichwa, kunivika kitani na kunifanya kuhani sikukuu ijayo. Mama amekwisha kuwaambia mafundi nguo. Anasema niandike kwamba kaka yake alikwenda Aleksandria na hajawahi kuwa kuhani wa kitu chochote, na kwamba hasemi hivyo kwa kujilinganisha.

Nilikimbilia kwa Mzee Kopri. Alikuwa amekwisha kusikia yote, na habari ya mikate pia.

"Umemfanya mamba kuwa mkatekumeni, mwanafunzi wa ubatizo!" akapaza sauti.

"Mjomba alisema mlishaji wa mamba hayumo kwenye kazi zilizokataliwa."

"Mjomba wako!" Akacheka mpaka akakaa juu ya furushi la nguo za watu. "Mjomba wako anafundisha watoto habari za miungu mchana kutwa, tena sikukuu ya mungu wa kike wa shule anawaimbisha. Unajua wazee walimruhusuje? Kanuni inasema mwalimu wa watoto aache, lakini kama hana ufundi mwingine wowote, asamehewe. Nilikuwa Aleksandria mwaka huo. Walimjaribu kwanza. Kwa seremala akajipigilia kanzu kwenye benchi. Kwa mfinyanzi chungu kikamrukia shemasi. Wazee wakasema, jamani, mwacheni afundishe."

Ni kweli, mjomba? Siulizi kwa ubaya. Nauliza kwa sababu nami niliomba papo hapo msamaha huohuo. Nikamwambia, Mzee, mimi nami sina ufundi mwingine. Akaniuliza, "Ile mikate miwili nani aliioka?" Nikasema mimi. "Basi ufundi unao. Msamaha huna."

Nimebaki katikati. Pasaka inakuja, na kuhani mkuu ananoa wembe. Nijibu.

Misthe


Aleksandria, tarehe 26 mwezi wa Mecheiri

Mpwa wangu, salamu nyingi. Nimechelewa kukujibu kwa sababu ya hali ya hewa. Upepo wa bahari mwaka huu ni mkali usio wa kawaida, na umevunja madirisha kadhaa katika mtaa wa watengeneza vioo, jambo linalofikirisha. Mvua imenyesha. Jirani amempoteza bata mmoja, akampata. Mama yako asilale na nguo mbichi.

Kuhusu yale uliyoniuliza, narudia kwamba mvua imenyesha.

Mambo mengine ni salama.

Eudemoni

Nyundo niliyopewa na yule seremala ilikuwa mbovu.


Arsinoe, tarehe 18 mwezi wa Famenothi

Shikamoo mjomba. Nimefurahi bata kupatikana.

Nimeacha kazi.

Nilikwenda kwa Marsisuko asubuhi, kabla ya wageni. Alikuwa na wembe mkononi na sahani ya maji. Nikamwambia, "Kuhani mkuu, sinyolewi. Nimekuja kuaga. Nataka kumfuata Kristo, na siwezi kumfuata nikiwa nimeshika sahani ya Suko."

Hakukasirika. Alikaa chini akaniuliza kama mtu anayeuliza habari za safari.

"Huyo Kristo wako anakupa nyumba?"

"Hapana, kuhani."

"Ngano?"

"Hapana."

"Chakula cha sikukuu, angalau?"

"Ipo sikukuu. Kabla yake tunafunga."

"Na baada yake?"

"Jumatano na Ijumaa."

Akatikisa kichwa. "Misthe mwanangu, hiyo si dini, hiyo ni njaa iliyopewa ratiba." Kisha akaufuta wembe. "Mtu aliyemlea mungu mpaka akaruka mbele ya Mrumi! Ungekuwa mkubwa hapa."

"Najua," nikasema. Na kweli najua, mjomba. Usidhani sikuipenda ile kitani. Niliijaribu mara moja, fundi alipoileta nyumbani. Ilinikaa vizuri sana.

Nilipokuwa natoka habari zilikwisha kuenea. Waliouza vinyago vya mamba langoni walinizomea, "Msaliti! Mla njaa!" na mmoja akanirushia mkate wa asali, halafu wote wakaona ni jambo zuri. Nimepigwa kwa mikate yangu mwenyewe. Ile ya juzi ni migumu, nimevimba jicho. Ile ya asubuhi niliidaka nikampelekea Mama.

Mama alikunja mikeka. Alifunga vyombo. Jioni tulihamia chumba cha nyuma kwa Mzee Kopri, kati ya mitungi ambamo anachachisha mkojo wa mtaa mzima kwa ajili ya kung'arisha nguo. Mama alisimama mlangoni, akavuta pumzi moja, akaitoa, akasema, "Kaka yangu aliandika kwamba wewe utamfuata huyo mwalimu mpaka kwenye matope." Akaingia. "Hakuandika matope ya nani." Tangu hapo anakohoa kwa haki. Mchana nakanyaga nguo kwenye karo, alfajiri naoka mikate ya kawaida kwa ajili ya mtaa. Inanunuliwa kidogo. Watu wanasema ina harufu.

Sasa nikuambie lile ambalo nilitaka kukuficha. Niliogopa utanieleza njia tatu za kulielewa. Ulisema wavuvi waliacha nyavu zao. Sawa. Lakini wavu haumtazami mtu anapouacha, mjomba. Niliposhuka kumuaga, Babu alifungua kinywa. Hakukuwa na kuhani wa kumshika taya, alifungua mwenyewe. Nikasimama pale sina kitu. Nikapanda ngazi, na nilipogeuka bado alikuwa amefungua.

Namwambia Mungu kila siku: katika vitu nilivyoacha, hiki nacho kihesabu.

Misthe


Arsinoe, tarehe 21 mwezi wa Farmuthi

Shikamoo mjomba. Hujaniandikia, lakini lazima nikuandikie.

Nimebatizwa! Ilikuwa hivi.

Tulikesha tukisali, na jogoo alipowika Mzee Kopri akatupeleka kwenye mfereji mkubwa, kwa kuwa anataka maji yanayotembea. Tulikuwa wachache. Tukavua nguo kama desturi, wanawake upande wao nyuma ya matete na mjane mmoja akiwaangalia. Ufukweni shemasi alikuwa ametandika kitambaa chenye mkate, mtungi wa maziwa na chungu cha asali, vya kutupa tukitoka majini kama watoto wachanga wanavyopewa. Mimi nilikuwa wa kwanza. Niliingia mpaka kiunoni, maji baridi kama neno la Mama.

Hapo shemasi akapiga kelele ambayo haimo katika ibada.

Babu alikuwa anakuja kwenye mfereji, pua na macho tu juu ya maji, na hereni zake. Baadaye tulisikia kwamba tangu nilipoondoka alikataa kula kwa mkono wa mlishaji mpya, na usiku ule alivunja lango la bwawa. Wakatekumeni wote wakatoka mbio kama walivyozaliwa. Shemasi akaingia kwenye matete, akafukuzwa na mjane, akatoka, akaingia tena. Mzee Kopri, ambaye kila siku analalamika magoti, nilimwona juu ya mtende.

"Misthe!" akaita kutoka huko. "Mtulize! Sema yale maneno yako ya hekaluni!"

Maneno yale ni mafupi: "Bwana Suko, mungu mkuu, pokea na utulie." Nimeyasema kila asubuhi tangu ndevu zianze kuniota, na kila mara Babu akiyasikia anatulia. Yalikuwa mdomoni tayari.

"Uliniambia nisiyaseme tena!" nikamjibu.

"Nakuruhusu! Mara hii moja, nakuruhusu!"

Mjomba, nilitetemeka mpaka maji yakafanya mawimbi. Lakini nilikuwa nimeacha nyumba, ngano na kitani kwa ajili ya kutoyasema maneno hayo. Nikiyasema nikiwa nimesimama ndani ya maji yenyewe ya ubatizo, ningekuwa nimeacha kwa ajili ya nini? Nikasema, "Asante, Mzee. Ruhusa siichukui." Nikanyoosha mikono mitupu ili aone, nikamwambia kwa maneno ya kawaida tu, "Babu, wewe si mungu. Wewe ni mamba. Mimi ni Misthe."

Akaja mpaka pua yake ikanigusa tumbo. Akanusa. Akanusa tena. Akakunja uso, kama mamba anaweza kukunja uso, akanipita.

Hakunijua. Nanuka udobi.

Akapanda ufukweni moja kwa moja kwenye chungu cha asali, akakila chote, na chungu pia, akalamba kitambaa, akajinyoosha, akalala akikoroma.

Mzee Kopri akashuka kwa taratibu. Wakatekumeni wakarudi mmoja mmoja, wakijifunika kwa majani. Tulitazamana. Kisha Mzee akaingia majini kwa ncha za vidole, akaniwekea mkono kichwani, akaninong'oneza, "Unamkana Shetani?"

Nikanong'ona, "Namkana."

"Na fahari zake zote?"

"Zote."

"Sema polepole, amegeuka upande."

Ibada nzima ilifanywa kwa kunong'ona. Waliobaki walibatizwa wakitazama nyuma. Kwenye zaburi ya mwisho tulichezesha midomo tu. Asali haikuwapo, tulipewa maziwa matupu. Nilikuwa nalia, na wenzangu wakanikumbatia wakisema ni furaha. Ilikuwa furaha. Haikuwa furaha peke yake.

Kulipopambazuka Marsisuko alikuja na kitanda cha kubebea na watu wa kutosha kukibeba. Alimtazama Babu, akanitazama mimi na nywele zangu zilizolowa, akatazama kitambaa kilicholambwa. "Mikate yake," akasema kwa sauti ya chini, "unga unaukandaje? Mpya huyu anaoka mawe, na mnyama anakonda." Nikamweleza palepale, kiasi cha asali, muda wa kuumuka, yote. Mzee Kopri alisikia, akawa anahesabu kwa vidole. Nadhani alikuwa anatafuta kama mapishi yamo kwenye kazi zilizokataliwa.

Misthe


Aleksandria, tarehe 19 mwezi wa Pachoni

Mpwa wangu, na sasa ndugu yangu, amani kwako na kwa mama yako. Afya yangu ni nzuri. Upepo umetulia.

Nimeisoma barua yako mara nyingi. Nilikaa niandike njia tatu za kuielewa, nikaona hata moja haihitajiki.

Nimekwenda kwa wazee nikawarudishia ule msamaha wao. Walishangaa. Mmoja alisema, "Eudemoni, hatujakudai, na kwa heshima zote, utakula nini?" Nikamjibu kwamba mpwa wangu alipewa ruhusa akiwa mbele ya meno, na hakuichukua. Shule nimeifunga. Watoto walishangilia mpaka barabarani, ila mmoja alibaki mlangoni akauliza kesho aje saa ngapi.

Sasa niko kwa mwokaji mikate wa mtaa wa bandari. Ananiita "kijana". Nimeungua mikono yote miwili. Jana nilitoa mkate wangu wa kwanza, jirani akauomba wa kuweka chini ya mguu wa meza yake, nikampa, na meza imetulia.

Mpwa wangu, naomba uniandikie habari ya chachu. Niandikie polepole, toka mwanzo, kama unavyomweleza mtu asiyejua kitu.

Eudemoni, mwanafunzi